Chupa ya Manjano Kabatini kwa Zahra

Woolwich, London
19 Septemba 1999

Mdogo wangu Msabaha,

Assalamu alaykum. Huku sote wazima, isipokuwa goti la shemeji yako Jaffar, ambalo siku hizi tunaliamkia kabla ya mwenyewe. Mpwa wako Hussam katimiza miaka kumi na tatu. Namwambia kwa Kiswahili atoe taka, ananijibu kwa Kiingereza kwamba atatoa, na taka haziondoki kwa lugha yoyote. Mama mbusie mkono, mwambie mafuta ya karafuu yamefika na goti linapakwa. Mkeo Zahra mwambie nimeiona picha ya sebule yake mpya nikaona wivu.

Sasa nikupe khabari yenyewe, maana nikikaa nayo nitapasuka. Unajua nafanya kazi ya ofisi kwa Jaswinder, yule Singasinga mzaliwa wa Tanga mwenye duka la redio na vifaa vya vyombo vya baharini karibu na kivuko. Wiki iliyopita kaniita, "Dada, njoo uone." Kashika kitu cha manjano, kimo cha chupa ya chai, kina kijiti cha antena juu na kitaa kidogo. Chombo kikizama, chupa hii ikishakutana na maji inajiwasha yenyewe na kupiga ukelele ambao sikio la binadamu halisikii. Setilaiti zinausikia huko juu na kuurudisha chini kwenye vituo, na vituo vinajua ni chombo gani, kwa sababu kila chupa ina namba yake. Ziko setilaiti zilizosimama mbali kabisa, hizo zinasikia upesi lakini sauti imetoka wapi hazijui. Ziko nyingine zinazozunguka chini zaidi, na zikipita juu yako ndizo zinazojua ulipo. Nilimfanya Jaswinder anieleze mara mbili, ya pili kwa raha tu ya kusikia.

Basi nimekununulia, na bei usiniulize. Nimeiandikisha kwa walinzi wa pwani wa huku Uingereza, walioko Falmouth: chombo Fathiya, nahodha Msabaha, na wa kupigiwa simu pakitokea jambo ni mimi, nyumbani au dukani. Sikuweza kutia simu yenu, kwani yenu ni ya dukani kwa Soud, na Soud akienda kuswali huifungia sandukuni. Abdulsamad anakuja likizo Pemba mwezi ujao, ndiye atakayekuletea.

Njia yako ya Wete na Tanga ni ile ile aliyokwenda Baba. Mpaka leo Mama hataki asomewe khitma, anasema kasafiri, na mimi na wewe tumekuwa watu wazima hatujawahi kulizungumza. Hata leo silizungumzi. Wewe chukua chupa tu.

Dada yako,
Ummukulthum


Wete, Pemba
2 Novemba 1999

Dada Ummu,

Waalaykumu salaam. Mama mzima, anakula, anagombana na kuku wa jirani na kuku wanashindwa. Zahra anasema wivu wako kaupokea kwa mikono miwili. Fathiya nimempaka rangi upya, na injini inakohoa asubuhi kidogo kisha inatulia.

Mzigo umefika. Abdulsamad alisimamishwa uwanja wa ndege Dar na askari waliodhani ni bomu. Akawaambia ni chupa ya chai, wakamwambia awamiminie. Kaokolewa na mzee mmoja aliyewahi kufanya kazi bandarini.

Nakushukuru, dada, na moyo wako naujua. Lakini hili ni uchuro. Mtu hanunui sanda akaitundika chumbani akingojea augue. Nikiiingiza chomboni mabaharia wataniuliza ya nini, na mie niwajibu nini, ya siku tutakayozama? Miraji, msaidizi wangu, neno kuzama halitamki kabisa. Hata jua kwake huwa limekwenda zake. Akijua kuna kitu kama hicho juu ya kichwa chake atashuka palepale gatini na wenziwe watamfuata.

Haikupotea bure lakini. Zahra kaipenda rangi yake, kaitia kabatini baina ya seti ya vikombe na lile birika la Maskati, juu ya kitambaa alichofuma mwenyewe. Wageni wanaisifu.

Kuhusu lile jambo jingine uliloligusa mwishoni, ulifanya vyema kutolizungumza.

Ndugu yako,
Msabaha


Woolwich
28 Novemba 1999

Msabaha,

Salamu kwa wote, na Ramadhani njema inayokuja. Goti halijambo. Huku sokoni muhogo unapatikana, lakini umesafiri kuliko mimi.

Kabatini? Chupa inayozungumza na setilaiti umeitia kabatini? Jaswinder nilipomwambia kavua miwani, kaifuta, kaivaa, kaniomba nirudie. Ningemwelezaje kabati la Zahra? Nalijua lile. Linafunguliwa mara tatu kwa mwaka, mkesha wa Idd zote mbili na mkesha wa Maulidi, vyote vinatolewa, vinaoshwa, vinarudishwa, na ufunguo unarudi kifuani kwake. Mimi nilipokuja na mtoto mchanga nilitaka glasi moja tu katikati ya mwaka, nikapewa kopo.

Uchuro nami naujua, nimelelewa nyumba moja nawe. Lakini mwavuli haujawahi kuleta mvua. Iingize chomboni, na Miraji mdanganye unavyotaka.

Na usikilize hili, ni muhimu. Ikiwa imekaa kwenye kikalio chake hailii. Ikitolewa kwenye kikalio kisha ikarowa, inalia, na haitauliza kama uko baharini au uko chooni. Mwambie Zahra asiiguse na maji.

Dada yako,
Ummukulthum


Woolwich
11 Januari 2000

Msabaha,

Idd mubarak, na Mungu awasamehe. Salamu leo ni fupi, ya goti utayasikia siku nyingine.

Ijumaa alasiri, siku ya mwisho ya mfungo, nimesimama jikoni nakaanga sambusa, simu inalia. Hussam kaipokea, kasikiliza, kisha kaniletea kwa mikono miwili, jambo ambalo hajawahi kulifanya. Sauti ya mzee, ya taratibu, yenye adabu. Anaitwa Albert, anapiga kutoka kwa walinzi wa pwani wa Falmouth. Je, mimi ndiye wa kupigiwa kwa ajili ya chombo Fathiya? Setilaiti imeisikia chupa yake.

Nilichomjibu sikijui. Najua kwamba sambusa ziliungua na Jaffar alikuja mbio, yeye na goti lake. Nilikaa sakafuni. Na sikukuona wewe, Msabaha, nilimwona Mama kakaa kwenye kiti chake, anawaambia watu kwamba sasa waliosafiri ni wawili.

Kumbe Albert bado anasema. Setilaiti nyingine imeshapita na imewaonyesha mahali, ila hapaelewi, maana ni mjini, mbali kidogo na bahari. Kisha kaniuliza kwa heshima zote, "Bibi, inawezekana chombo hiki kikawa juu ya gari?"

Hapo nikalikumbuka kabati. Nikampigia Soud, nikamwambia kimbia kwa Zahra uone ile chupa ya manjano inafanya nini. Kaenda, karudi anahema. Sebule imejaa wanawake wenye hina mbichi, chupa iko katikati ya meza inamulika, inazima, inamulika, na Zahra anawaeleza kwamba ni taa ya Idd kutoka London, tena ina akili, imejiwasha yenyewe siku ya sikukuu. Nikamwambia Soud arudi mbio airudishe kwenye kikalio chake.

Nilipomweleza Albert, kaniuliza, "Alikuwa anaiosha?" Nikamwambia alikuwa anaosha kila kilichomo kabatini, kesho ni Idd. Akasema hilo atalitia kwenye kumbukumbu zao, ili ikilia tena wajue pa kuanzia kuuliza. Hata hakunikasirikia. Alinitakia sikukuu njema.

Nilikusudia barua hii iwe ya kukutukana. Lakini Msabaha, imefanya kazi. Beseni la Zahra, na maji ya bomba ya Wete, limesikika mbinguni, likashushwa Uingereza, likalia jikoni kwangu kabla sambusa hazijaiva. Jaswinder kacheka mpaka kilemba kikalegea. Nami nimecheka, na nikishacheka nalia, na bado sijajijua nimesimama upande gani.

Iingize chomboni. Mara ya kwanza nilikuomba, ya pili nikakuamrisha. Sasa nakuomba tena.

Dada yako,
Ummukulthum


Wete
20 Februari 2000

Dada Ummu,

Sote hatujambo. Mvua za vuli ziliharibu njia ya kwa Soud lakini imetengenezwa. Barua yako ya Novemba, ile ya kusema chupa isiguswe na maji, imefika baada ya Idd. Ilipotelea Unguja ikazunguka huko ikakumbuka kwao. Zahra nilipomsomea kafunika uso kwa kanga.

Mji mzima sasa wanamwita Zahra Setilaiti. Bibi mmoja wa mtaa wa Jadida kaja na mfuko wa machungwa, kauliza kama chupa inaweza kumwita mwanawe aliyeko Maskati. Tumemwambia haiwezi, machungwa kayaacha.

Siku ile mie nilikuwa msikitini. Nilipofika chupa imeshazimwa, Zahra analia, wanawake wametawanyika. Mama peke yake kakaa kwenye kiti. Kaniuliza, "Ummu kasikia kutoka hapa?" Nikamwambia kasikia. "Bila ya mtu kumpigia?" Bila ya mtu kumpigia. Hakuuliza tena, na tangu siku ile kapungua maneno. Hata kuku wamepumzika.

Mie nami niliwaza kidogo. Niliwaza kama Baba, siku yake, angalikuwa na... Basi, hapo kalamu imegoma, niache.

Chupa imerudi kabatini, kavu, na ufunguo uko kwa Zahra. Sitaki kulizungumza tena jambo hili. Uchuro ni uchuro hata ukitiwa antena.

Ndugu yako,
Msabaha


Woolwich
4 Mei 2000, Alhamisi

Msabaha,

Sina salamu. Nakuandikia dukani, kwenye meza ya Jaswinder, na sijui kama utaisoma.

Albert kapiga. Setilaiti ya mbali, ile iliyosimama, imeisikia chupa yako. Mahali hawapajui bado, wanangojea ile ya kuzunguka ipite. Nimempigia Soud, laini haishiki, nadhani mvua imeziangusha nguzo. Nimejaribu mpaka kidole kimeuma. Nikampigia Albert kumwambia simpati mtu. Akafungua kumbukumbu zao, nikamsikia anasoma kimyakimya, kisha kaniuliza polepole, kwa huruma kwa kweli, "Bibi, inawezekana ni kabati tena?"

Jaswinder kaacha kazi kasimama. Na mie mwenyewe kwa kitambo kile nilitamani sana niseme ndiyo. Ningesema ndiyo ningelala leo. Barua yako ya mwisho ilisema chupa iko kabatini.

Nikamwambia, "Bwana Albert, Idd zote mbili zimeshapita na Maulidi bado. Hakuna mwanamke Pemba anayefungua kabati lake wakati huu, na wifi yangu hata mgonjwa hapewi kikombe. Kama chupa imerowa, basi haimo kabatini. Kaichukua. Yuko baharini." Akaniuliza nina hakika. Nikamwambia ninayo. Akasema wangelifuatilia kwa vyovyote, lakini sasa wana pa kuanzia hata kabla ya setilaiti kupita. Akataka kujua njia yako, watu wangapi, chombo cha rangi gani. Nikamwambia Wete na Tanga, watu watano, chuma, buluu, na mkondo unavuta kaskazini. Hayo ya mkondo sikujua kama nayajua. Nadhani niliyasikia kwa Baba. Sasa anawapigia watu wa Mombasa na meli zilizo njia ile.

Kwa hiyo uliichukua. Ukaniandikia iko kabatini, kumbe uliichukua, mjeuri mkubwa we. Nimefurahi wallahi, nimefurahi na naogopa kwa wakati mmoja, ndiyo maana mwandiko uko hivi.

Kwa Baba sikulia. Mama hakuturuhusu, maana msafiri haliliwi. Leo nimelia mbele ya wateja, kwa ajili yenu wawili. Jaswinder kaniwekea chai, naandika ili mikono isiende kwenye simu, njia ibaki wazi wakitaka kunipata. Rudi uniite mwongo. Rudi uniambie chupa iko kabatini na Zahra kapatwa na wazimu kafungua siku isiyo siku. Nitashukuru.

Simu inalia.


Wete
21 Mei 2000

Dada yangu Ummu,

Assalamu alaykum, kutoka kwa mtu mzima mwenye afya, mwenye magamba ya jua puani. Mama hajambo. Zahra hajambo. Miraji na wenziwe watatu wako majumbani mwao wanahadithia, na kila siku mawimbi yanarefuka. Kwenye simu kutoka Mombasa tulilia kuliko kuzungumza mpaka kadi ikaisha, kwa hiyo nakuandikia yale ambayo kadi iliyakata.

Niliichukua baada ya Idd Kubwa. Zahra alipoosha vyombo, nikamwambia hii nipe mie. Kanipa pamoja na kitambaa chake. Kukwepa maneno ya mabaharia nikaitia kwenye kikapu cha ukindu nikakitundika karibu na usukani. Wote wakaamini nahodha anaficha chai yake. Miraji alininunia mwezi mzima kwa uchoyo.

Tulikuwa tunarudi na saruji kutoka Tanga, katikati kabisa, bati la ubavuni likaachia. Maji yakaingia kwenye injini, saruji ikanywa, Fathiya akalala upande mmoja. Nikawaamrisha wayafunge pamoja mapipa matupu kisha waruke. Mie nikarudi kwenye usukani kukichukua kikapu. Miraji kaniona, kapiga kelele ambayo sitaisahau: "Nahodha, tunazama, chai ya nini?" Neno lake lilitoka siku hiyo, na lilitoka vizuri.

Fathiya alikwenda chini tunamwangalia. Nilimpenda yule, dada, na siku nyingine nitakuandikia juu yake. Tulishika mapipa, watu watano, na chupa nimeifunga mkononi kwa kamba yake. Kitaa kikaanza kumulika. Miraji kakitazama, kaniuliza, "Hii ndiyo taa ya Idd ya Zahra?" Nikamwambia ndiyo. Kaniuliza nani anatusikia. Nikamwambia dada yangu. Huko mbinguni sikuwa na hakika napo, nasema kweli. Ila hakika nawe nilikuwa nayo. Tangu utoto mlango wa watu haubishwi mara mbili, weye umeshafika kujua ni nani.

Kulipokucha tukaiona meli, kubwa, inageuka. Nimekuwa baharini maisha yangu yote, sijawahi kuona meli kubwa inageuka kwa ajili ya watu wadogo. Mabaharia wake Wafilipino, wakatuvuta kwa nyavu, wakatupa wali na mayai. Nahodha wao kaniambia waliitwa mapema waelekee upande ule, na mahali hasa wakapewa wakiwa njiani, kwa hiyo setilaiti ilipopita iliikuta meli imeshakaribia. Barua yako iliyokatika nimeipata, na kwenye simu uliniambia aliyekukatisha ni Albert akikupa mahali hapo. Msalimie sana. Mwambie uliyomwambia kuhusu makabati ya Pemba ni sahihi.

Sikukuandikia kwamba nimeichukua. Kuandika hivyo ingekuwa kukiri kwamba bahari yaweza kunichukua, na nikikiri kwangu nimekiri kwa Baba. Haya, nimeandika. Bahari ilimchukua Baba.

Nilipofika nyumbani Mama hakulia. Kanishika uso, kanipapasa masikio kama anahesabu vitu vyake. Kisha kaniuliza, "Baba yenu alikuwa na chupa?"

Nikamwambia, "Hakuwa nayo, Mama."

"Kwa hiyo aliita, hakusikiwa."

Nikamwambia ndiyo. Zahra akamletea chai, kaishika mpaka ikapoa. Halafu kasema, "Basi msomeeni."

Khitma ni Ijumaa ya tarehe tisa Juni, baada ya alasiri. Zahra kafungua kabati leo, si Idd wala Maulidi, vikombe vyote viko uani vinaoshwa kwa ajili ya watu wa Baba. Chupa nimeiweka mbali na beseni, ingawa betri imekwisha na Jaswinder atatutengenezea. Soud kakubali kuitoa simu sandukuni na kuivuta waya mpaka katikati ya mkeka, kwa sababu Mama anataka uwepo.

Itakuwa mchana kwenu. Simu ikilia, usikae sakafuni. Ni sisi, tunakungoja uitikie amina.

Ndugu yako,
Msabaha